Haki ya Kupita na Dhima ya Kupisha

Njia kuu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapanda Usagara, ikapenya Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali hata ikaingia Unyanyembe, ilikuwa, pamoja na umashuhuri wake wote, njia ya mguu mmoja. Watu elfu waliweza kuifuata kutwa nzima, lakini wawili hawakuweza kuifuata bega kwa bega. Na kwa sababu hiyo kila msafara uliopanda bara ulipokabiliana na msafara ulioteremka pwani, kabla ya bei ya pembe kuulizwa na kabla ya habari za vita kusimuliwa, lilitangulia swali moja, nalo ni nani ampishe nani. Sisi wakazi wa Cheyo, kata ya mji wa Tabora uliokuzwa na njia ile, tuna sababu ya kulihesabu swali hilo kuwa letu la nyumbani, hata linapoulizwa leo mbali nasi, katika viwanja vya mbio za langalanga vya Silverstone, Jeddah na São Paulo, ambako madereva hugombea upenyo mmoja wa lami kwa mwendo upitao kilomita 300 kwa saa, na wasimamizi wa mashindano huketi mbele ya picha zao kuamua, kwa kila mgongano, nani alikuwa na haki ya njia na nani aliidhulumu.

Richard Burton, aliyefika Kazeh, ambayo ni sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857 pamoja na mwenzake John Speke, aliziandika desturi za barabara ile katika kitabu chake cha safari ya maziwa, kilichochapishwa mwaka 1860. Burton hakuwapenda watu wa nchi hizi, na kurasa zake nyingi zina dharau isiyo haki. Walakini jicho lake lilikuwa kali, na mambo aliyoyaona njiani aliyahifadhi kwa uangalifu ambao hatuna budi kuushukuru. Anasimulia kwamba msafara ulioongozwa na Mwarabu ulidai njia kuwa yake, na mwingine ukajitenga kando. Misafara miwili ya Wanyamwezi ilipokutana bila ya mmoja kukubali kupisha, ugomvi ulizuka, lakini mipini ya mikuki na pinde ziligeuzwa kuwa viboko, na chuki haikuingia mioyoni maadamu damu haikumwagika. Na misafara ya marafiki ilipoonana, viongozi wake wawili walisogeleana kwa madaha, hatua kwa hatua, wakitazamana kwa pembe ya jicho, kisha ghafla wakainama na kupigana vichwa kama kondoo madume. Wapagazi wote wakawafuata kwa kishindo, ambacho mgeni angedhani ni mwanzo wa vita, kikaishia katika vicheko. Baada ya vicheko hivyo, hata hivyo, kundi lililo dhaifu lilitoka njiani na kutoa zawadi ndogo.

Katika desturi hizo zote mwenye nguvu ndiye aliyepita, na tofauti ilikuwa katika adabu ya kumwezesha mnyonge asiaibike. Lakini ipo desturi nyingine aliyoiandika Burton, ambayo kwa maoni yangu ina thamani kuliko hizo, kwa kuwa ndani yake mna sheria. Kila msafara ulitanguliwa na kiongozi, aliyeitwa kirangozi, akifuatwa na wachukuzi wa pembe, kisha wachukuzi wa nguo na shanga, kisha wengine kwa daraja zao. Na hakuna aliyeruhusiwa kumpita kirangozi huyo. Mpagazi aliyethubutu kumtangulia hakupigwa wala hakusimamishwa papo hapo, maana kumsimamisha mmoja katika njia ya mguu mmoja ni kuwasimamisha wote walio nyuma yake. Mshale mmoja ulichomolewa katika podo lake, ukawekwa. Na jioni, msafara ulipofika kambini, mshale ule ulitolewa kuwa ushahidi, na mwenyewe akatozwa faini.

Natamani kila anayebishana mintarafu ya sheria za kupitana katika mbio za magari aufikiri mshale huo kwa muda. Kosa lilijulikana kabla ya safari kuanza; mkosaji hakuweza kukana, kwa sababu kila mtu aliitambua mishale yake; na hukumu ilingoja mahali ambapo kuitoa hakumdhuru asiyehusika. Vitu hivyo vitatu, yaani sheria iliyo bayana, ushahidi usiokanika na hukumu isiyowaumiza wengine, ndivyo wasimamizi wa mbio za magari wanavyovitafuta hadi leo kwa kamera na mitambo ya kupimia, na aghalabu hupata viwili wakakikosa cha tatu.

Bendera nayo ilikuwapo. Kirangozi wa msafara uliotoka Unguja alibeba bendera nyekundu, alama ya Sultani, na iliyofanya wengine wapishe ni nguvu iliyokuwa nyuma ya kitambaa kile. Katika langalanga bendera ya buluu hupeperushwa mbele ya dereva aliyezidiwa mzunguko mzima, kumwamuru ampishe anayekuja nyuma yake, na akiipuuza huadhibiwa. Nguvu iliyo nyuma ya bendera hii si ya yule anayepita; ni ya mwamuzi aliye nje ya shindano. Sijui badiliko jingine katika historia ya barabara lililo kubwa kuliko hilo, la bendera kutoka mkononi mwa mwenye msafara na kuingia mkononi mwa asiyekuwa na msafara.

Mbio za magari zilipokuja Afrika ya Mashariki zilikuja kwa sura iliyofanana zaidi na safari za wapagazi kuliko na uwanja wa kuzunguka. Mwaka 1953, katika sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo tangu mwaka 1960 yaliitwa Safari ya Afrika ya Mashariki, na baadaye Safari Rally. Magari yaliondoka moja moja, kila moja likifuata jingine baada ya dakika chache, katika barabara za udongo ambazo hazikufungwa kwa ajili yao, hata dereva alikutana na basi la abiria, ng'ombe na baiskeli, akawa hana haki yoyote juu yao isipokuwa honi yake. Adui mkubwa wa kupita alikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Na kwa kuwa mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, mara nyingi vyote viwili vilipatikana katika siku moja. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na katika miaka yote miwili Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff ndio walioshinda, kwa Peugeot 404.

Aliyeanza mbele katika Safari alikuwa na neema ya kuona. Joginder Singh, fundi na dereva mashuhuri wa Kenya, alipangiwa nambari 1 katika mwaka 1965, akaliendesha Volvo pamoja na ndugu yake Jaswant, mbele yake pasiwe na vumbi la mtu, akashinda. Na ili msomaji asidhani kuwa ushindi ule ulitokana na nambari peke yake, mtu huyo huyo alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Aliyekuwa nyuma aliyaona mawingu mekundu yakining'inia barabarani baada ya gari la mbele kupita, akakisia kona iko wapi, na mawe yakampasulia taa na kioo. Kumpita mwenziwe katika hali hiyo, kama mwenziwe hakutaka kusogea, kulikuwa ni kuhatarisha roho mbili.

Lakini katika mashindano ya namna hii jambo la kupisha lina jibu ambalo halina tashwishi, na ni vizuri tulishike kabla ya kwenda kwenye lile lenye tashwishi. Wanaoshindana hapa hawashindani kwa kutanguliana njiani. Wanashindana na saa. Aliyeondoka dakika kadhaa kabla ya mwenziwe, kisha mwenziwe akamfikia, amekwisha kushindwa katika kipande hicho cha njia, awe amepisha au hakupisha, na kumzuia hakumrudishii hata sekunde moja. Kwa hiyo haki ya kujilinda haipo; iliyopo ni dhima ya kupisha, na siku hizi chombo kilichofungwa garini humfikishia dereva wa mbele ombi la yule aliye nyuma, ili asije akajitetea kuwa hakuiona taa wala hakuisikia honi. Fauka ya hayo, wasimamizi wanaweza kumkadiria dereva aliyezuiliwa muda ambao angeutumia lau njia ingekuwa wazi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden walimaliza kwa alama sawasawa baada ya maelfu ya kilomita, na ushindi akapewa Mehta kwa sababu alikwenda masafa marefu zaidi kabla ya kupata alama ya kwanza ya adhabu. Mahali ambapo saa ndiyo hakimu, hata sare huwa na hukumu yake.

Langalanga haina kimbilio hilo. Pale, aliye mbele yuko mbele, na nafasi yake ni mali yake. Ana haki ya kuilinda, na watazamaji hulipa ili waone akiilinda. Katika mabanda ya televisheni ya Cheyo, ambako mbio za Ulaya huonyeshwa Jumapili kuanzia saa kumi alasiri, nimewasikia vijana wa bodaboda wakigombana juu ya mambo haya kwa ujuzi ambao ungewapendeza wasimamizi wenyewe, maana kazi yao ya kila siku imewafundisha nini maana ya kubanwa kwenye ukingo wa barabara. Mmoja husema: aliyetangulia asibughudhiwe, anayetaka kupita atafute njia yake. Mwingine humjibu: ukinikuta nimekwisha kuingiza gurudumu langu ubavuni mwako, huna ruhusa ya kunifungia.

Makadhi wetu wana kanuni ya kale kwamba mdai ndiye atakiwaye kuleta bayana, na mimi naona kuwa kanuni hiyo inaueleza uhusiano wa madereva hawa wawili vizuri kuliko mabishano mengi. Anayetaka kupita ni mdai. Aliye mbele ni mwenye mali mkononi. Mpaka mdai alete bayana, yaani mpaka awe ubavuni kweli kweli, mwenye mali ana uhuru wake, ingawa si uhuru usio na mipaka: sheria za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, humruhusu kubadili upande mara moja tu ili ajilinde, na akitaka kurejea kwenye mstari wa mbio akikaribia kona, yampasa aache upana wa gari moja kati yake na ukingo. Kuhama upande wakati wa kukanyaga breki kulikatazwa kwa msisitizo mwaka 2016, baada ya madereva kulalamika juu ya kijana Max Verstappen, na aliyeadhibiwa mapema kwa katazo hilo alikuwa Sebastian Vettel huko Mexico, ambaye alikuwa miongoni mwa waliolalamika. Lakini mdai akishaleta bayana yake, mali huwa na washirika wawili, na hapo ndipo ilipo shida yote.

Bayana hiyo hupimwaje? Mwongozo ambao FIA iliuchapisha hadharani mwaka 2025, na ambao ulikuwa ukitumika kwa namna yake kabla ya hapo, husema kwamba anayepita kwa ndani sharti ekseli yake ya mbele iwe imefikia walau kioo cha pembeni cha mwenziwe kabla ya kufika, na wakati wa kufika, mahali pa ndani kabisa pa kona. Na anayepita kwa nje sharti ekseli yake ya mbele iwe imeitangulia ya mwenziwe mahali hapo hapo. Ni kipimo kizuri kwa kupimika kwake, kwani picha huonyesha ekseli kama mshale wa mpagazi ulivyoonyesha mwenyewe. Ila kimeweka tuzo mahali pabaya. Dereva aliye ndani akijua kuwa haki itahesabiwa katika nukta ile, atachelewesha breki zake ili pua yake ifike mapema, hata ikiwa kwa mwendo huo hawezi kuikata kona na kubaki ndani ya mistari. Naye akitoka nje ya njia, humtoa na mwenziwe, kisha hudai kuwa alitangulia.

Ndivyo ilivyotokea São Paulo mwezi Novemba mwaka 2021, Lewis Hamilton alipokuwa nje katika kona ya nne na Verstappen ndani, magari yote mawili yakaishia nje ya lami, na wasimamizi wakaamua kuwa hapana haja ya uchunguzi. Hamilton alimpita baadaye akashinda, kwa hiyo wengi waliisahau hukumu ile. Mimi naihesabu kuwa hukumu ghali, kwa sababu ilifundisha. Tarehe 20 Oktoba 2024, huko Austin, Lando Norris alijaribu kumpita Verstappen kwa nje katika kona ya 12, wote wawili wakatoka nje ya mistari, Norris akarudi akiwa mbele. Na aliyeadhibiwa, kwa sekunde tano, ni Norris, akaipoteza nafasi ya tatu. Kwa mujibu wa mwongozo hukumu ilikuwa na hoja yake, maana ekseli ya Norris haikuwa mbele katika nukta iliyotakiwa. Kwa mujibu wa insafu, mtu aliyeshindwa kubaki ndani ya njia hawezi kuwa ndiye mwenye njia.

Mwaka 1871, Mirambo alipogombana na Waarabu wa Unyanyembe, aliifunga barabara ya kwenda Ujiji, na Henry Stanley, aliyekuwa Tabora mwaka ule, baada ya kushiriki katika vita vilivyowashinda Waarabu, aliamua kuzunguka kusini, akafika Ujiji kwa njia nyingine. Mirambo alikuwa mtawala, na alikuwa na haki zake za utawala ambazo si mahali hapa pa kuzijadili; ninalolitaka ni ile njia ya kusini. Msafiri aliyezibiwa bara alikuwa na nchi nzima ya kuzungukia. Dereva wa langalanga hana kusini. Mistari miwili myeupe ndiyo dunia yake, na akitoka nje yake kwa hiari akapata faida huadhibiwa. Kwa hiyo anayemsukuma nje amemweka mahali ambapo kila atakalofanya ni kosa au hasara. Hii ndiyo sababu naamini kuwa swali la kwanza la mwamuzi lisiwe pua ya nani ilitangulia, bali liwe: je, aliyekuwa ubavuni aliachiwa upana wa gari lake tangu kuingia kona mpaka kutoka?

Liko jambo la pili, nalo ni adhabu. Misafara iliyopita Ugogo ilitozwa hongo na watemi wa nchi ile, nguo kadhaa na shanga kadhaa, na mfanyabiashara mzoefu aliikadiria hongo kabla ya kuondoka pwani, akaitia katika hesabu ya gharama pamoja na posho na ujira. Hakuona kuwa ameadhibiwa. Aliona kuwa amelipa, akapita. Adhabu ya sekunde kumi, mtu akijua mapema kuwa ataimudu, hugeuka kuwa hongo ya namna hii. Huko Silverstone, Julai 2021, Hamilton na Verstappen waligongana katika kona ya Copse, Verstappen akatupwa kwenye ukuta wa matairi, Hamilton akaonekana kuwa na sehemu kubwa ya kosa, akapewa sekunde kumi, na akashinda mbio. Sisemi kuwa alikusudia, wala siamini hivyo. Nasema kwamba kipimo cha adhabu hakikuwa na uhusiano wowote na kilichopotea upande wa pili.

Mfano ulio wazi zaidi ulitokea Jeddah mwezi Machi 2024. Kevin Magnussen wa timu ya Haas alikuwa amekwisha kupewa adhabu mbili za sekunde kumi kumi, mojawapo kwa kumpita mwenziwe nje ya njia. Kwa kuwa mbio zake mwenyewe zilikuwa zimeharibika, aliyaziba magari ya nyuma yake mzunguko baada ya mzunguko, hata Nico Hülkenberg, mwenziwe wa timu, akapata nafasi ya kuingia kubadili matairi na kutoka akiwa mbele ya kundi, akamaliza wa kumi na kuipatia timu alama moja. Nafasi aliyoipata kwa kosa hakurudishiwa mwenyewe, ililipiwa hongo. Mwezi Mei, huko Miami, alijilinda tena dhidi ya Hamilton kwa mtindo ule ule, akalundikiwa adhabu. Na mwezi Septemba, alama zake za makosa zilipofika 12, akazuiliwa kushiriki mbio za Baku, dereva wa kwanza kufikwa na hilo tangu utaratibu wa alama uanzishwe mwaka 2014.

Wanaoutetea mwongozo wana hoja, na si busara kuidharau. Husema kwamba kabla ya kuandikwa vipimo, kila kundi la wasimamizi lilihukumu kwa fikra zake, na dereva alihukumiwa hivi Ufaransa na vile Japani kwa tendo moja. Kwamba ekseli na kioo ni vitu vinavyoonekana, ilhali "kuacha nafasi" ni maneno yanayovutika. Na kwamba mbio zikizidiwa na huruma ya kuachiana, hakuna atakayethubutu kujilinda. Hayo ni kweli kwa kiasi chake. Lakini upana wa gari moja nao unapimika, na mstari mweupe unapimika kuliko vyote. Anayejilinda akabaki ndani ya mstari na kumwachia mwenziwe upana wake, amejilinda kwa ustadi, hata kama amemchelewesha mizunguko kumi, na mimi nitakuwa wa kwanza kumsifu.

Wasimamizi walionyesha katika juma lililofuata Austin kwamba wanaweza. Tarehe 27 Oktoba 2024, Mexico, Verstappen alimsukuma Norris nje katika kona ya nne, na kona chache baadaye wote wawili wakatoka tena nje. Akapewa sekunde kumi kwa tendo la kwanza na kumi kwa la pili, akamaliza wa sita, Norris akiwa wa pili nyuma ya Carlos Sainz. Adhabu ile ilikuwa nzito kiasi cha kutoweza kuitwa hongo. Hata hivyo ningependelea kwamba aamriwe kwanza kuirudisha nafasi, katika mzunguko ule ule, na sekunde ziwe za yule atakayekataa. Kwa kuwa Norris alipoteza mizunguko akiwa nyuma ya gari ambalo halikuwa na haki ya kuwa mbele yake, na katika mizunguko hiyo magari ya Ferrari yalikwenda zao. Alipolipita moja ya hayo mwishoni, lile la Sainz lilikuwa limekwisha kuwa mbali.